Maneno Thelathini na Saba ya Rangi Nyekundu

Desemba 2008 nilirudi nyumbani Ndama, wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, nikiwa na kompyuta ya mkononi ya kuazima na kazi moja niliyojipa mwenyewe: kuandika maneno ya bibi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam. Kule, kila niliposema kwetu tunaongea Kinyambo, mtu aliniuliza, "Si ndiyo Kihaya hicho?" Nikisema hapana, anauliza tofauti yake nini. Nilikuwa sina jibu fupi.

Bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa na miaka zaidi ya themanini. Alikaa kwenye mkeka mlangoni pa jiko akimenya ndizi, mimi nikakaa kwenye kigoda, kompyuta mapajani. Nyumbani hapakuwa na umeme. Betri ikiisha niliipeleka Kayanga kuchajiwa, nikirudi tunaendelea. Kwa likizo mbili tulifika maneno 640.

Nilijiwekea utaratibu. Neno la Kinyambo nililikoleza wino. Maana yake kwa Kiswahili niliilaza kwa italiki. Maneno ya ng'ombe, na bibi alikuwa nayo mengi, niliyapaka kijani. Nyekundu ilikuja baadaye, na haikuwa wazo langu.

Siku moja bibi alinitajia jina la utani ambalo watu wa zamani waliuita ukoo fulani wa jirani zetu. Akacheka, kisha akanyamaza. "Liandike," akasema, "maana nikifa litapotea. Lakini lisiende kwa watu. Wajukuu zao tunachota nao maji." Nikalipaka nyekundu. Baada ya hapo akazoea. Dawa fulani ya wanawake: nyekundu. Neno la msibani lisilotamkwa nje ya msiba: nyekundu. Jina ambalo yeye na babu walimwita mtoto wao wa kwanza, aliyekufa kabla baba hajazaliwa: nyekundu. Akifika neno la namna hiyo aliniangalia tu, na mimi nikajua.

Siku ya kuondoka niliyahesabu, nikaandika nyuma ya daftari: yote 640, nyekundu 37. Nilipomwambia hesabu hiyo alinishika mkono. "Hayo thelathini na saba ni yako," akasema.

Alifariki mwaka 2012, mwaka uleule Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe ikawa wilaya peke yake.

Kompyuta ile ilikuwa imesharudi kwa mwenyewe na kufutwa. Faili lilibaki kwenye flashi moja. Mwaka uliofuata familia ilitaka kijitabu cha ukumbusho, chenye maneno ya bibi ukiondoa yale mekundu, nami nikapeleka flashi kwenye steshenari moja ili kijana wa pale anisaidie kupanga safu. Niliporudi alikuwa amefurahi. Faili lilikuwa limejaa takataka, akasema, rangi huku, wino mzito kule. Alikuwa amenakili maandishi yote, akayabandika kwenye faili jepesi lisilobeba mapambo, akafuta lile la zamani kupata nafasi. "Nimekusafishia," akaniambia.

Nililifungua palepale. Maneno yote 640 yalikuwepo. Haikupotea hata herufi moja. Yote yalikuwa meusi, ya ukubwa mmoja, yamesimama mstari mmoja kama wanafunzi gwaride la asubuhi.

Kijitabu hakikuchapwa. Niliwaambia ndugu kwamba flashi imeharibika, jambo ambalo halikuwa kweli.

Kwa muda nilimlaumu yule kijana. Baadaye nilianza kusoma juu ya namna kompyuta zinavyohifadhi maandishi, kwanza nikitafuta njia ya kurudisha rangi, kisha kwa sababu nilikuta watu wengine waliwahi kupata msiba kama wangu, wakakaa chini wakautafutia dawa.

Zamani za kupiga chapa kwa herufi za risasi, mswada haukwenda kiwandani mtupu. Mhariri aliupitia kwa penseli. Katika desturi ya wachapaji wa Kiingereza, mstari mmoja chini ya neno ulimaanisha italiki; mstari wa mawimbi ulimaanisha wino mzito; mistari mitatu, herufi kubwa. Vitabu vya Kiswahili navyo vilipita njia hiyo. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na misheni ya Kianglikana, alianzisha uchapaji pale, na vijana waliokombolewa kutoka utumwani wakafundishwa kupanga herufi. Kila penye neno la mlazo katika kurasa za namna hiyo, kuna mtu aliyemwekea mpangaji alama. Kitabu kikishatoka, karatasi yenye alama imemaliza kazi yake.

Kompyuta zilipoanza kupanga kurasa miaka ya 1960, zilirithi penseli ile. Ndani ya maandishi waliingiza amri: hapa ruka mstari, hapa sogea kulia, hapa badili umbo la herufi. Mashine ilitii. Lakini amri hazikusema kwa nini. Ukikuta maneno matatu ya italiki hujui kama ni jina la kitabu, neno la kigeni, au mtu anasisitiza jambo. Aliyeweka amri alijua. Akiondoka, anaondoka na jibu lake.

Mnamo Septemba 1967, Mmarekani William Tunnicliffe alizungumza katika mkutano uliofanyika kwenye ofisi ya uchapaji ya serikali ya Kanada. Hoja yake ilikuwa kwamba yaliyomo kwenye maandishi yatenganishwe na sura yake. Miaka miwili baadaye, wafanyakazi watatu wa IBM, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie, walikuwa wakishughulikia nyaraka za ofisi za wanasheria. Walikuwa na programu moja ya kuhariri, nyingine ya kutafuta, na ya tatu ya kupanga kurasa, na hakuna iliyoelewa alama za mwenzake. Wakaamua alama ziache kusema kitu kionekaneje, ziseme kitu hicho ni nini. Kichwa cha habari kiandikiwe kuwa ni kichwa cha habari. Orodha iandikiwe kuwa ni orodha. Kila programu itajua yenyewe ifanye nini nacho. Lugha yao waliiita GML, herufi za kwanza za majina yao matatu ya ukoo. Mwaka 1986 mtoto wake, SGML, ilipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 8879.

Niliposoma habari hiyo niliweka simu chini, nikakaa. Mimi mwaka 2008 nilikuwa nimefanya yale ambayo wao waliyaacha mwaka 1969. Nilipaka nyekundu. Sikuandika popote kwamba nyekundu maana yake ni "lisiende kwa watu".

Waliofuata nao walirudia kosa hilo, na walikuwa na akili kuliko mimi. Tim Berners-Lee alipotengeneza HTML kule CERN, Uswisi, maelezo yake ya mwaka 1991 yalikuwa na lebo chache tu, nyingi zikisema kitu ni nini: kichwa, aya, orodha, anwani. Mtandao ulipopata watu wengi, kila kampuni ya vivinjari ikataka kurasa zake zing'ae, zikaingia lebo za rangi na umbo la herufi, mpaka kukawa na kurasa ambazo kichwa cha habari hakijulikani isipokuwa kwa kukitazama. Msomaji asiyeona, anayesomewa ukurasa na programu, alikuwa kama mimi na faili langu jeusi. Dawa ilikuwa kuzitenga rangi: Håkon Wium Lie alipendekeza mwaka 1994 zikae mahali pake, na CSS ikapitishwa Desemba 1996. Februari 1998 ikaja XML, ambayo haina orodha ya lebo. Unatunga mwenyewe, kwa lugha yako, mradi kila lebo unayoifungua uifunge.

Ndiyo iliyonifaa. Naweza kuandika hivi:

<neno lugha="now">enyana</neno>
<maana lugha="sw">ndama, mtoto wa ng'ombe</maana>

Hata ukilibandika kwenye faili jepesi kuliko yote, lebo zitabaki, kwa kuwa zenyewe ni maandishi kama maandishi mengine. Yule kijana angenisafishia mara mia na zisingetoka.

Hizo herufi tatu, now, zinahitaji maelezo. Kila lugha inayotambuliwa na kiwango cha ISO 639-3, kilichotolewa mwaka 2007, ina msimbo wa herufi tatu. Kihaya ni hay. Kinyambo ni now. Kiswahili kilishapata herufi zake mbili zamani, sw. Kwa Kiingereza herufi zile tatu zinasomeka "sasa". Nilicheka peke yangu nilipoziona. Mwaka mmoja kabla sijakaa kwenye kile kigoda, swali nililokuwa nikiulizwa Dar es Salaam lilikuwa limeshajibiwa kwenye jedwali: hay ni hii, now ni ile.

Na nilikuta kwamba hata kazi niliyodhani naianza ilikuwa na wenyewe. Mwaka 2002 mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapa msamiati wa Kinyambo, Kiswahili na Kiingereza wa Josephat Rugemalira. Kabla ya hapo, mwaka 1994, Martin Benjamin alianzisha huko Yale kamusi ya Kiswahili ya kwenye intaneti. Ukiangalia kamusi yoyote nzuri utaona kwamba tayari ni maandishi ya lebo: neno, aina yake, maana, mfano. Wino mzito na italiki ni nguo tu juu ya mifupa hiyo. Mtunga kamusi anajua mifupa iko wapi. Mimi nilishona nguo.

Mfano wa Afrika ulionigusa zaidi unatoka kwenye sheria. Mwaka 2004, chini ya Umoja wa Mataifa, ilianza kazi ya kusaidia mabunge ya Afrika kuhifadhi nyaraka zao kwa kompyuta. Fabio Vitali na Monica Palmirani wa Chuo Kikuu cha Bologna wakatengeneza lugha ya lebo za XML kwa ajili ya sheria, miswada na hukumu. Iliitwa Akoma Ntoso, maneno ya Kiakan cha Ghana yenye maana ya mioyo iliyounganika. Mwaka 2018 ilipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ile inayogusa kila shamba la migomba Ndama, ina anwani ya namna hiyo kwenye hifadhi ya sheria ya TanzLII: akn, kisha tz, kisha act, kisha 1999, kisha 5. Nchi, aina, mwaka, namba. Mbele yake inafuata lugha na tarehe, ili ujue unasoma sheria ilivyokuwa siku gani.

Mtu aliyewahi kugombania mpaka wa shamba ataelewa uzito wa jambo hilo. Nimewahi kuona nakala ya sheria mezani kwa mtendaji mmoja, fotokopi ya fotokopi, ambayo hukuweza kujua kama kifungu unachosomewa bado kipo au kilishafutwa. Karatasi haikusema. Ilibidi umwamini anayekusomea.

Nilipoyaelewa haya nilirudi Ndama kwa shangazi, binti wa mwisho wa bibi. Ndiye peke yake aliyebaki wa kuweza kukaa na yale maneno. Nilimweleza ukweli wa flashi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mama hakupotea," akasema. "Umemchanganya tu."

Tulianza upya, neno moja baada ya jingine, miaka kumi na zaidi baada ya ile mara ya kwanza, safari hii kukiwa na umeme. Kwanza nilitaka aelewe lebo, nikampa mfano wa kijiji chetu. Niliwahi kuandika kwenye programu ya kutafsiri kwamba bibi alizaliwa Ndama, ikanirudishia Kiingereza kinachosema bibi alizaliwa akiwa mtoto wa ng'ombe. Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nikamwonyesha: ukiandika <mahali>Ndama</mahali>, mashine haina sababu ya kukosea. Sisi hatuhitaji kuambiwa, tumezaliwa hapa. Lebo ni kwa ajili ya asiyekuwepo.

"Kama wewe," akasema.

Kinyambo nacho hakina huruma na mwandishi mzembe. Okusiba ni kufunga kwa kamba. Okusiiba, kwa irabu ndefu, ni kushinda kutwa. Shangazi alinikuta na makosa mengi ya namna hiyo. Yale tulirekebisha kwa urahisi. Kazi ilikuwa kwenye mekundu.

Mengine yalijitambulisha. Jina la utani la jirani zetu lilipofika shangazi alitazama mlangoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hilo." Dawa nazo alizijua. Jina la yule mtoto wa kwanza nilikuwa nalikumbuka mimi, yeye hakuwahi kulisikia. Nililisoma, nikamweleza. Aliniomba nilisome tena.

Mengine tulibishana. Kuna neno moja ambalo nina hakika bibi aliniangalia alipolisema. Shangazi anasema ni neno la kawaida, hata watoto walilitumia. Kuna jingine ambalo yeye anataka liwe siri, na mimi nakumbuka bibi alilisema huku akiimba.

Wataalamu waliokutana Poughkeepsie, Marekani, mwaka 1987 kuanzisha mpango wa lebo kwa ajili ya maandishi, TEI, waliwaza hali hii. Miongozo yao ina lebo ya maandishi yasiyosomeka vizuri, na nafasi ya kuandika hakika yako ni kubwa au ndogo, na nani anayesema hivyo. Nilipenda kwamba waliona haja ya kulitaja jina la anayekisia. Nikakopa kwao. Katika faili letu sasa kuna mistari kama hii:

<siri nani="shangazi" hakika="kubwa">
<siri nani="mimi" hakika="ndogo">

Tunapopingana tunaandika zote mbili.

Tulipomaliza tulihesabu. Maneno tuliyokubaliana kwamba ni ya siri yalikuwa 29. Nilitoa lile daftari la zamani nikamwonyesha mwandiko wangu: 37. Yaani mahali fulani kati ya yale 611 yanayobaki kuna manane ambayo bibi aliniomba yasiende kwa watu, na hatuyajui. Yale tuliyobishania yanaweza kuwa baadhi yake. Yanaweza yasiwe.

Nilipata wazo. Maneno yaliyomo kwenye kitabu cha mwaka 2002 yameshachapwa, yanajulikana, hayawezi kuwa siri. Tungeyaondoa hayo kwenye mashaka, tukabaki na wachache wa kuogopa. Shangazi alifikiri, akatikisa kichwa.

"Kitabu kina neno," akasema. "Hakina alichokwambia mama juu ya neno."

Alikuwa na haki. Mistari mingi katika orodha yangu ina sentensi nzima chini yake: nani alilitumia, kwa nani, kwa hasira gani. Neno laweza kuwa la watu wote, na hadithi yake ikawa ya nyumba moja.

Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa. Alinyoosha kidole kwenye kioo, penye lebo ya siri. "Hii inafunga? Mtu akilipata faili hawezi kuliona neno?"

Nikamwambia ukweli. Haifungi. Lebo inasema tu. Mtu yeyote mwenye faili anaweza kusoma lebo na kusoma neno lililo ndani yake, na akitaka anaweza kuyakusanya yote 29 kwa sekunde moja kwa sababu nimeyawekea alama. Kwa namna fulani nimemrahisishia. Rangi yangu nyekundu ilimtegemea anayeelewa. Lebo inamtegemea mwenye adabu.

Akakaa kimya. Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

Tulikubaliana hivi. Maneno ya ng'ombe, yale ya kijani, ambayo shangazi anayajua yote na ana hakika nayo, yatatoka kwanza, kijitabu kidogo cha familia, kila neno na herufi zake tatu za lugha. Mengine yatakaa. Faili liko katika nakala tatu: moja kwangu, moja kwake kwenye flashi iliyofungwa ndani ya kitambaa pamoja na hati ya shamba, na moja tumeichapa kwenye karatasi, lebo zake zikionekana, kwa kuwa shangazi haamini vitu vinavyochajiwa.

Juu kabisa ya faili, kabla ya neno la kwanza, niliandika kwa Kiswahili maelezo ambayo ningepaswa kuyaandika Desemba 2008. Yanasema kila lebo maana yake ni nini. Yanasema bibi alihesabu mekundu 37, sisi tumeyapata 29. Yanamwomba atakayelifungua, akiwa ni mtu wa kwetu na akalitambua neno mojawapo kati ya yale manane, aliwekee alama, na aandike kwamba ni yeye aliyesema.